Na ya kutolea je?



Kuna hoja moja inanikera muda mrefu, na juzi nimeisikia tena kwenye shughuli ya mwenzetu huko Husby. Baada ya watu kula, wanaume wakaanza mambo yao ya kuijenga nchi kwa mdomo, na mzee mmoja (simtaji, ni mtu mzima na namheshimu) akatoa hukumu: tatizo la Watanzania ni ushamba wa simu. Eti ukimtumia mtu pesa hazipiti dakika kumi keshakimbilia kwa wakala kuitoa yote. Eti wenzetu Waswidi wameshaachana na noti, wanalipia hata kahawa kwa simu, wakati sisi M-Pesa tunayo tangu 2008 na bado tunafunga hela kwenye pindo la khanga. Watu wakacheka, wakakubali. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na sikuwa na nguvu za kubishana. Naomba nibishane leo.

Mimi si mchumi. Ni muuguzi, shahada yangu ni ya uuguzi, na kazi yangu iko wodi ya wazee. Ila natuma pesa nyumbani kila mwezi, mwaka wa kumi na moja huu, na aliye upande wa pili wa ule muamala ni mama yangu, kijijini nje ya Korogwe. Kwa hiyo nina upande wangu wa kusema.

Kwa wale waliotoka Bongo siku nyingi na kwa watoto waliozaliwa huku, nieleze kwanza neno "ya kutolea". Nyumbani mtu akikuomba pesa kwa simu hasemi "nitumie elfu 50". Anasema "nitumie elfu 50 na ya kutolea". Maana yake ni kwamba anayetuma anakatwa wakati wa kutuma, na anayepokea anakatwa tena wakati wa kuitoa kwa wakala. Ukituma elfu 50 kamili, mwenzio hapati elfu 50. Basi ikazaliwa adabu mpya kabisa, ambayo bibi zetu hawakuijua: mtumaji mwenye heshima anaongeza ya kutolea. Asiyeongeza, anayepokea anabaki anajiuliza huyu kasahau, au kaishiwa, au kanipima. Nimewahi kuona ndugu wawili hawasemeshani kwa ajili ya ya kutolea. Si utani.

Sasa nieleze kosa langu, maana hoja yangu inaanzia hapo.

Agosti 2021 nilimtumia mama elfu 60 ya dawa za presha za mwezi. Nilituma kamili. Siku zote nilikuwa naongeza ya kutolea, siku ile nikasahau, nilikuwa nafanya zamu mfululizo kwa sababu wenzangu wengi walikuwa likizo na wengine wanaumwa korona. Na hata ningekumbuka ningeongeza kiasi cha zamani, kumbe mwezi mmoja nyuma yake hesabu zilikuwa zimebadilika. Mama akapanda bodaboda hadi kwa wakala, akatoa, makato ya kampuni yakapita, tozo mpya ya serikali ikapita, nauli ikapita. Alipofika duka la dawa zikawa hazitoshi. Akanunua za wiki mbili na kitu. Kisha akafanya kile ambacho mimi kila siku nawakanya wagonjwa wangu wa Kiswidi wasikifanye: akameza siku moja, akaruka siku moja, ili zifike mwisho wa mwezi.

Hakuniambia. Nilikuja kujua wiki ya nne, binamu yangu aliponipigia kwamba mama kaanguka jikoni, mkono wa kushoto haushiki kikombe. Nilipompata kwenye simu nikamwuliza, mama, kwa nini hukuniambia hela haikutosha? Akanijibu kwa ulimi mzito, "Ningekuambiaje mwanangu, na wewe ulikuwa umeshatuma."

Naomba nieleweke hapa. Sisemi tozo ndiyo iliyompa mama kiharusi. Presha yake ni ya miaka mingi, na muuguzi yeyote atakwambia kiharusi hakina sababu moja. Kosa la kutuma pungufu lilikuwa langu, na nimelibeba. Lakini tangu siku ile neno "ushamba" likitamkwa mbele yangu, naona mkono ule usioshika kikombe.

Turudi kwenye hoja. Kwa nini mama yangu anatoa pesa yote kwa mpigo? Nilimwuliza, akanipa majibu ambayo profesa wa uchumi angeyaandikia kitabu.

La kwanza, makato yanakwenda kwa ngazi za kiasi. Ukitoa elfu 5 mara sita unakatwa mara sita, na kwa kiasi kidogo makato ni makubwa ukilinganisha na hela yenyewe. Ukitoa elfu 30 mara moja unakatwa mara moja. Kwa hiyo "kutunza kwenye simu" na kuchota kidogo kidogo, ambako sisi huku tunakuona ndiyo ustaarabu, kwake ni hasara tupu. La pili, wakala. Leo kijana ana pesa kwenye droo, kesho hana, anamwambia bibi subiri wateja waweke. Mara nyingine ni kinyume, floti imekwisha. Ukimkuta ana hela unachukua zako zote, hujui kesho. La tatu, anaowalipa hawapokei simu: mwenye mashine ya kusaga, muuza mboga, kijana anayemletea maji. Wengine wana lipa namba, lakini wanataka noti, kwa sababu na wao wakipokea kwenye simu watakatwa wakienda kuzitoa. La nne alilisema kwa sauti ya chini: namba yake ya siri anaijua kijana wa wakala, kwa sababu herufi za kwenye kiswaswadu chake hazioni, na kila mara humpa simu amfanyie. Hela inayolala kwenye simu ambayo namba ya siri anaijua mtu mwingine, wewe ungeiacha humo?

Sasa ushamba uko wapi hapo? Huyo ni mwanamke aliyeishia darasa la nne anayefanya hesabu ya hatari na gharama kwa usahihi kuliko wengi wetu tulio na kadi tatu za benki mfukoni.

Na jambo lenyewe si geni. Historia nzima ya simu za mkononi kwetu ni historia ya watumiaji wanaokwepa gharama, na kampuni zinazowafuata nyuma kuona wamepitia wapi. Wakumbuke wale wenye umri wangu: kubipu. Tulikuwa tunabipu kwa kanuni. Bipu moja, nimefika. Bipu mbili, nipigie. Mwanafunzi anambipu mjomba, mjomba hambipu mwanafunzi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Jonathan Donner, aliandika makala ya kitaaluma mwaka 2007 juu ya kanuni za kubipu baada ya kuzichunguza Rwanda, na moja ya aliyoyakuta ni kwamba mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kulipia simu. Nilipoisoma nikiwa chuo nilicheka peke yangu maktaba, nikajiona mimi na mjomba wangu kwenye karatasi.

Kisha ikaja vocha. Kabla ya huduma yoyote ya fedha kwa simu, mtu wa mjini alikuwa ananunua vocha, anaikwangua, anamsomea namba mwenye kibanda kijijini, na mwenye kibanda anampa mama mtu hela, akikata chake. Hakuna mhandisi aliyewafundisha. Hata M-Pesa yenyewe: pale Kenya mwaka 2005 ilijaribiwa kwa fedha za msaada kutoka Uingereza, na lengo la awali lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wale wakopaji wakaanza kuitumia kwa shida zao wenyewe, kutumiana pesa. Safaricom wakaona, wakaacha habari za marejesho, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma hela nyumbani. Mwaka mmoja baadaye ikaingia kwetu kupitia Vodacom. Kampuni za simu, pamoja na ulafi wao wote, angalau zilimtazama mtumiaji. Aliyekataa kumtazama ni mwingine.

Mnakumbuka bajeti ya 2021/22. Serikali ilitunga tozo ya mshikamano kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, na ikaanza tarehe 15 Julai 2021. Ilikuwa juu ya makato ya kampuni, na ilikamata kote kuwili, kutuma na kutoa. Nchi ikalia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu. Mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikapunguzwa tena, kiwango cha juu kikawa 4,000, lakini wakati huohuo ikapelekwa na kwenye benki, kelele zikaanza upya, na Oktoba 2022 baadhi ya miamala ikaondolewa, ikiwemo kuhamisha kati ya benki na simu. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Ya kutoa ikaachwa.

Naomba msome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Katika safari yote ya ile shilingi, toka kwangu hapa Stockholm hadi mkononi mwa mama, walipoamua kusamehe walimsamehe anayetuma. Aliyebaki analipa ni anayetoa. Na nani anatoa? Mwenye akaunti na kadi halazimiki kutoa, analipa kwa namba. Mwenye duka la jumla halazimiki, anahamishia benki. Anayelazimika kutoa ni yule ambaye dunia yake inaendeshwa kwa noti. Nimesikia utetezi kwamba tozo zimejenga madarasa na vituo vya afya. Sawa, mimi mtu wa afya siwezi kuchukia kituo cha afya. Lakini kumkata bibi hela ya dawa ili ujenge kituo atakachokwenda kwa kukosa dawa, hiyo ni hesabu ya namna gani?

Hatuko peke yetu. Uganda walianza Julai 2018 na asilimia 1 ya kiasi chote kinachopita kwenye simu, watu wakachachamaa, wakashusha hadi asilimia 0.5, na wakaibakiza wapi? Kwenye kutoa. Kenya wao hawagusi kiasi kinachotumwa, wanatoza ushuru kwenye ada ya kampuni, nao umekuwa ukipanda, mwaka 2023 ulifika asilimia 15. Ghana walileta tozo yao Mei 2022 kwa mbwembwe nyingi, na mwaka 2025 wakaifuta yote. Kwa hiyo kufuta kunawezekana, mbingu haikuanguka Accra.

Na kama kuna anayedhani watu wanatoa noti kwa sababu ya mazoea tu, atazame Kenya Machi 2020. Korona ilipoingia, Benki Kuu na kampuni za simu walikubaliana kuondoa ada za kutumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya, hadi mwisho wa mwaka. Watu wale wale, simu zile zile, ushamba ule ule kama upo, wakaanza kutumiana vijisenti kwa simu kuliko awali. Ondoa makato, tabia inabadilika yenyewe. Kwetu upande wa pili tuliuona 2021: kaka yangu wa Dar, mtu wa kompyuta, alirudi kumpa kondakta wa basi la Tanga bahasha ampelekee mama. Miaka kumi na tatu baada ya M-Pesa, mtu wa kompyuta anatuma bahasha kwa kondakta.

Sasa tuje kwa hawa Waswidi tunaoambiwa tuwaige.

Ni kweli, hapa noti ni kitu adimu. Swish ilianzishwa na benki kubwa sita Desemba 2012, na leo mtoto anayeuza keki mlangoni ana namba ya Swish. Lakini mzee wetu wa Husby anasahau jambo moja dogo: kwa mtu binafsi benki nyingi hazitozi kitu kumtumia mwenzio kwa Swish. Anayelipa ni mfanyabiashara anayepokea. Mimi nikimtumia rafiki yangu kroni 20 za basi, anapata kroni 20. Hakuna "na ya kutolea" kwenye Kiswidi, nimejaribu kuitafsiri kwa wenzangu kazini nikashindwa, nikaishia kuchora kwenye karatasi. Mmoja akauliza, "Yaani mpokeaji analipia kupokea?" Nikamwambia ndiyo, na serikali nayo inapita hapohapo. Alinitazama kama nimemwambia wagonjwa wetu walipie kuamshwa asubuhi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Sehemu ya wodini kwangu ni wazee ambao dunia hii ya simu imewaacha nje ya mlango. Bila BankID huwezi kupata Swish, na bila simu nzuri na macho mazuri na vidole visivyotetemeka BankID yenyewe ni mtihani. Nimewahi kumkuta mzee mmoja mwenye miaka zaidi ya 80, alikuwa mhandisi enzi zake, analia kimyakimya kwa sababu kibanda cha chini kimekataa noti yake ya kroni 100 kwa ajili ya gazeti. Namba yake ya siri ya benki ameiandika kwenye kikaratasi, kiko ndani ya pochi, pamoja na kadi yenyewe! Nikamkumbuka mama na kijana wake wa wakala. Tabia ni ile ile, macho ni yale yale ya uzee. Ila yule mhandisi hakuna anayemwita mshamba. Kuna vuguvugu zima la kuwatetea watu kama yeye, linaitwa Kontantupproret, uasi wa keshi, na anayeliongoza ni Björn Eriksson, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi hii na rais wa Interpol. Wazee wa Uswidi wakilalamika kuhusu noti, wanalalamika na jenerali wao mbele.

Na wamesikilizwa. Tarehe 1 Januari 2021 ilianza kutumika sheria inayozilazimisha benki kubwa kuhakikisha watu wanapata mahali pa kutoa pesa taslimu, kwa kipimo kwamba wasizidi asilimia 0.3 ya wananchi walio mbali zaidi ya kilomita 25 kutoka mahali pa kutolea. Nchi ambayo karibu imeiua noti, imeweka sheria kwamba kumpa mwananchi noti zake ni wajibu wa benki. Mwaka huohuo, 2021, miezi sita baadaye, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa noti ikaamua kwamba mwananchi akitaka noti zake alipe kodi. Mimi nilikuwa ninaishi kwenye nchi zote mbili kwa wakati mmoja, moja kwa mwili, moja kwa pochi.

Hata busara ya kushika noti yenyewe imerudi. Novemba 2024 serikali ya hapa ilianza kusambaza kijitabu kwa kila nyumba juu ya kujiandaa kwa vita na majanga, na mojawapo ya ushauri ni kuweka fedha taslimu ndani. Kijitabu hicho ninacho juu ya friji. Mwaka mmoja baadaye nikaelewa uzito wake kupitia nyumbani: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa, na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Dada yangu alikuwa na mshahara wake wote kwenye programu ya benki isiyofunguka. Walichokula na wanawe ni noti alizokuwa anaficha kwenye kopo la maziwa, tabia aliyorithi kwa mama na ambayo shemeji alikuwa anaicheka.

Niongeze jambo moja ambalo Watanzania wengi wa hapa hatulijui, au tunalijua hatulisemi. Ile Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, ilianza 1994 kwa jina la Mobitel. Mwenye nayo alikuwa Millicom, kampuni iliyotoka mikononi mwa Jan Stenbeck, tajiri wa hapahapa Stockholm, na kwa miaka mingi mwenye hisa wake mkubwa alikuwa Kinnevik, kampuni ya familia hiyo ya Stenbeck, mpaka 2019 ilipowagawia wanahisa wake sehemu yake ya Millicom. Biashara ya Tanzania Millicom iliiuza 2022 kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagaska. Maana yake ni nini? Kwamba kwa miaka mingi sehemu ya ile ya kutolea tuliyokuwa tunawatumia mama zetu ilifunga safari ikarudi huku huku. Pengine imo hata kwenye mfuko wangu wa pensheni, sijui, sijawahi kuuchambua. Nisiwaonee: ni Tigo hiyo hiyo iliyoanza mwaka 2014 kuwagawia wateja wa Tigo Pesa faida ya fedha zao zilizokuwa benki, jambo ambalo wengine walikuwa bado hawajalifanya. (Habari za taarifa za simu za Tundu Lissu zilizoandikwa na Guardian mwaka 2024 ni mada inayojitegemea, leo siigusi.) Ninachotaka kusema ni kwamba tusijifanye huku ni mbinguni na kule ni porini. Ni biashara moja, mwisho wake mmoja uko hapa mjini, mwingine uko chini ya mwavuli wa wakala Korogwe.

Sasa sisi. Watu wa ughaibuni tumezoea kuhesabu upande wetu tu. Tunalinganisha kampuni za kutuma pesa mpaka senti ya mwisho, tunapeana habari ipi ina kiwango kizuri wiki hii, tukishabonyeza tunaona kazi imekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilijua makato ya kroni kwa moyo, ya shilingi sikuwahi kuyauliza. Siku hizi kabla sijatuma nampigia mama simu ya kawaida, namwuliza wakala leo kasema kutoa kiasi hiki ni shilingi ngapi, naongeza hiyo, naongeza na bodaboda. Wakati mwingine anacheka, anasema nimekuwa karani. Mkono umerudi nusu, kikombe anashika kwa mikono miwili.

Lakini mimi kuongeza ya kutolea hakutatui kitu, nakuwa nimelipa ile tozo badala yake tu. Na yule jirani yake asiye na mtoto Stockholm anamlipia nani?

Viongozi wetu wakija huku, na wanakuja, wimbo ni mmoja: diaspora tumeni pesa nyumbani, wekezeni, nyie ni nguzo. Tunapiga makofi, tunapiga picha. Sijawahi kusikia hata mmoja wetu akisimama kuuliza juu ya kile kinachokatwa mwishoni mwa bomba. Tunauliza uraia pacha (na mimi nautaka), tunauliza viwanja, tunauliza ushuru wa magari. Ya kutolea hatuulizi kwa sababu haikatwi kwetu.

Kwa hiyo swali langu nimeshaliandika, ni fupi. Je, serikali iko tayari kuondoa kila tozo yake kwenye kutoa kiasi kidogo kwa wakala, tuseme kisichozidi laki moja kwa siku, kiwango cha mtu anayenunua dawa na unga? Na kama haiko tayari, itueleze kwa nini anayetuma alisamehewa 2023 na anayetoa hakusamehewa. Mkutano ujao wa Watanzania na ubalozi wetu hapa Stockholm nitakwenda nalo. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili nipate siku hiyo.

Mzee wetu wa Husby nimempigia, nikamsomea haya yote kabla sijayatoa, maana si adabu kumjibu mtu mzima pembeni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kutoa laki moja siku hizi inakatwa ngapi. Nikamwambia, kaka, mpigie shangazi yako umwulize. Amekubali kunisindikiza kwenye mkutano, ila amesema atakaa viti vya nyuma.